Risasi ya Sita

Benchi letu liko mbele ya duka la dawa, na tangu wezi walipolivunja duka hilo wiki iliyopita, mchana kweupe, wakamwacha mwenyewe amevunjika mkono, hakuna anayekubali kuipa barabara mgongo. Zamani tuligombea upande wa kivuli, siku hizi tunagombea upande wa ukuta. Mimi ni mshona viatu, kibanda changu kiko hatua tatu kutoka hapo, na niseme mapema kwamba mimi ni mwoga na sioni haya. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne. Mama Birika, muuza kahawa, ambaye hamwachi mtu adanganye na kahawa yake mkononi. Kamanda, mlinzi mstaafu, aliyekaa getini miaka kumi na miwili na bunduki begani, na mpaka leo akiketi anakaza kifua. Profesa, fundi redio, mwenye methali kwa kila jambo, hata jambo lisiloihitaji. Na mimi. Fundi Suti, mshona nguo, akaja wa mwisho, akaketi, akaweka juu ya benchi kifurushi cha kitambaa cha kijivu.

— Umetuletea nini, Fundi? nikamwuliza.

— Bastola.

Nilidhani anatania. Mama Birika akampa kahawa, nusu ikammwagikia gotini, ya moto, wala hakushtuka. Hapo nikajua hakuna utani.

— Ninayo kwa kibali, akasema. Jirani kavunjiwa, na mimi nina binti ndani, jamani. Nikasema sisubiri siku nikute mlango uko chini.

— Umefanya la maana! Kamanda akadakia. Mwizi anaheshimu kitu kimoja tu, chuma. Miaka kumi na miwili getini, nani alinigusa? Hata mbwa walivuka upande wa pili.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Profesa. Walikuwa wanazungumzia bastola.

— Walikuwa wanazungumzia mgeni, akasema Mama Birika.

— Kwani mwizi si mgeni? Wewe unamfahamu?

— Nami naona kila nyumba ipewe yake, Kamanda akaendelea. Mwizi akijua kila mlango una bastola, atabisha hodi kwanza.

— Naye si atanunua? nikauliza.

— Sisi tutanunua kubwa zaidi.

— Naye je?

— Kubwa zaidi! Mpaka apate ile inayomshinda kubeba. Mwizi mwenye mzigo hakimbii.

— Kwa hiyo tutakuwa salama siku mtaa mzima utakaposhindwa kutembea, akasema Mama Birika.

— Na mwizi akija kuiba bastola yenyewe? nikauliza tena.

— Basi unakuwa na ya pili ya kuilinda ya kwanza, akajibu Profesa.

— Na ya pili inalindwa na nani?

— Haba na haba hujaza kibaba.

Tulicheka, lakini cheko lenyewe la meno tu. Pikipiki ilipita kwa kishindo, na wote watano tukaruka. Fundi peke yake hakucheka kabla wala baada.

— Hicho kitu kina risasi? Mama Birika akamwuliza.

— Zilikuwa sita. Nimezitoa.

Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akazipanga juu ya benchi moja moja, zimejaa vumbi la chaki yake ya kuchoria nguo. Nikazihesabu. Tano. Nikarudia kuzihesabu.

— Ya sita iko wapi?

— Ndiyo niliyomfuatia Kamanda. Nilizitoa gizani, kwa kupapasa. Sijui moja imeanguka au imebaki humo ndani. Na macho yangu mnayajua.

Tunayajua. Huu mwaka wa tatu Fundi Suti haoni tundu la sindano. Binti yake anakanda unga kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Kila alfajiri akirudi humtungia baba yake uzi kwenye sindano kumi, akazichomeka kwenye kitambaa, ndipo anakwenda kulala. Wateja hawajui. Sisi tunajua na tumenyamaza.

Akafunua kifurushi. Benchi zima tukajisukuma upande mmoja, mimi nusura nianguke kwenye jiko la Mama Birika. Mdomo wa bastola ulimtazama Profesa.

— Igeuze! akapiga kelele.

— Msiiguse! nikasema.

— Basi igeuzeni bila kuigusa!

— Kamanda, akasema Fundi kwa sauti ya chini, ifungue uangalie ndani. Wewe ndiye mwenye uzoefu.

Kamanda akainama. Akaitazama kwa mbali, akajifuta jasho kwa kofia.

— Hii… hii ni ya aina nyingine.

— Kamanda, wewe! akasema Mama Birika.

— Jamani, nisitirini. Ile yangu ya getini ilikuwa ya mbao. Kampuni waliipaka rangi nyeusi. Miaka kumi na miwili nilikuwa naomba asitokee mtu wa kunijaribu. Hii ya kweli sijawahi kuishika.

Siku nyingine tungemcheka mpaka jioni. Siku hiyo hakuna aliyethubutu. Wakanigeukia mimi, maana macho ninayo, natunga uzi wa viatu bila miwani. Nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala. Niliogopa, ndugu zangu.

— Fundi, akasema Mama Birika, mtu anatoa risasi gizani kwa sababu gani?

Fundi akaanza kuzipanga upya zile risasi tano.

Tukasikia hatua nyuma ya duka. Alikuwa binti yake, bado na aproni ya kazini, nywele zimejaa unga. Hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu hata siku moja.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Baba, umetoka bila sindano zako. Na hii nimeikuta chini ya kabati la viatu nikifagia.

Akakunjua kiganja. Kwenye kitambaa sindano kumi, kila moja na uzi wake. Pembeni yake, risasi.

Lo, tulivyoshusha pumzi! Profesa alishukuru Mungu mara tatu. Kamanda akapiga paja: — Si nilisema? Tupu! Tumeogopa bure!

Binti hakumsikiliza. Alizitazama zile tano, akaitazama bastola, akamtazama baba yake.

— Alfajiri nilipofungua mlango nikapiga chafya, akasema. Ndipo ukasema, kumbe ni wewe. Nikakukuta umekaa sakafuni, nikadhani umeanguka.

— Unga huo, Fundi akatuambia sisi, kama mtu tuliyemkosea. Unga unampigisha chafya kila siku. Niliona mtu mlangoni. Mtu tu, mrefu. Kidole kilikuwa tayari, jamani. Kilikuwa tayari kabisa.

Akaanza kulia, mzee mzima, mbele ya barabara.

— Jumatatu tunapewa barakoa kazini, akasema binti. Tumeziomba siku nyingi. Sitapiga chafya tena.

— Uwe unabisha hodi, mwanangu, akasema Mama Birika.

— Nitabisha, mama. Akachuchumaa mbele ya baba yake. Lakini siku nitakayochoka nikasahau, Baba, utanijuaje?

Profesa akatafuta methali, nilimwona midomo ikichezacheza, hakuipata. Fundi akapokea kitambaa chake, akapapasa sindano moja, ikamchoma, damu ikamtoka kidoleni wala hakuiona.

Mama Birika akainamisha birika kwenye kikombe changu. Likatoa tone moja.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Siku zote akisema hivyo tunatawanyika kama kuku. Siku hiyo hakuna aliyeinuka.