Mama Baridi Anaondoka Maabara

Tarehe 30 Juni, Mama Baridi atakabidhi funguo za maabara ya gesi baridi baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Jina hilo alipewa na mafundi wa leza, kwa kuwa kazi yake ni kupoza atomu hadi zikaribie kutulia tuli, baridi ambayo hata huko angani haipo.

Ndani ya gesi hiyo alitia atomu chache za aina nyingine, kisha akachunguza jinsi atomu hiyo ngeni, yaani mgeni, anavyovutana na wenyeji, zile za gesi. Mgeni huwakokota, huwa mzito, hutembea kama mama aliyeng'ang'aniwa na watoto sokoni. Swali lilikuwa hili: mvutano ukizidi, atabaki yeye, au atamezwa? Mumewe, alipochoka kueleza, aliwaambia majirani kwamba mkewe ni fundi friji. Wakaleta friji mbili mbovu. Moja Mama Baridi aliitengeneza.

Februari mwaka huu jibu lilianza kujitokeza. Alituita sisi wenzake wa maabara mbele ya kompyuta.

"Jamani, angalieni vizuri. Asinifurahishe mtu hapa, semeni mnachokiona."

Tuliangalia. Mvutano ulipozidi, alama ya mgeni ilififia polepole, ikapotea: alikuwa amemezwa. Kilichobaki ni kurudia vipimo kabla ya kutangaza.

Wiki hiyohiyo mkurugenzi aliagiza umeme ukatwe ghorofa nzima ili ukumbi wa mapokezi uwekewe taa mpya. Mama Baridi alimfuata ofisini, akamweleza kwamba pampu zinazofyonza hewa zikizimwa, hewa itajipenyeza kwenye chemba ya atomu, na kuiondoa tena ni kazi ya miezi.

"Mama, si utaziwasha tu Jumatatu?" mkurugenzi alimuuliza.

Umeme ukakatwa. Taa ni nzuri, hilo tukubali.

Mwezi Mei watafiti wa nchi nyingine walitangaza jibu lilelile. Mama Baridi alisoma makala yao hadi mwisho, akawaandikia hongera, akaanza kupanga vitu vyake kwenye maboksi. Hakutaka kusaidiwa.

Hapa tulikuwa tumeandika kwamba anaondoka akiwa na furaha. Tulimwonyesha sentensi hiyo, akaikata kwa kalamu nyekundu, akaturudishia karatasi.

Mama Baridi, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutugombeza ilipobidi. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na asubuhi zisizo na haraka. Umesema kwenye sherehe ya kukuaga hutakuja. Kiti chako kitakuwa mbele, na hakuna atakayekikalia.