Kimya cha Kilimani

Mzee wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkewe, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha viatu. Wengi mliofika hapa hamkulijua jina lake la kuzaliwa. Mlimwita Gasketi, naye aliitika bila kinyongo.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1965 na kuimaliza bila makuu. Walimu walikumbuka zaidi ile kengele ya umeme aliyoifungua ili aone kinachopiga kelele, akairudisha ukutani ikiwa bubu. Viboko alivipata, na kengele akaitengeneza. Mwaka 1974 aliingia chuo cha ufundi, akahitimu mitambo miaka mitatu baadaye.

Mwaka 1978 aliajiriwa idara ya maji kama fundi wa pampu, na huko ndiko alikostaafia mwaka 2017. Jina la Gasketi alilipata kazini. Vipuri vilipokosekana, alichukua mkasi na karatasi ngumu, akakata gasketi, ile pedi ya kuzuia uvujaji kati ya vyuma viwili, ikakaa mahali pake kama kofia kichwani. Wakubwa walinung'unika, ila maji yalitoka.

Tarehe 12 Desemba 1981 alimwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, ndiye mjane aliyeketi mbele yetu. Kadi za harusi zilibaki nyingi, tena za karatasi nzito. Bibi harusi alizitafuta kweli kweli, kumbe zilikuwa zinakatwa gasketi na kuishia kwenye injini ya pikipiki ya mumewe. Alipogundua alinuna kutwa nzima. Marehemu akamwambia kwa upole, "Mke wangu, kadi zetu ndizo zinazozuia oili isivuje. Ulitaka zifanye kazi gani nyingine?"

Pikipiki yenyewe hatuwezi kuiruka. Ilikuwa ndefu, yenye matairi ya meno, ya kwendea lami na njia za milimani vilevile, na aliinunua ikiwa chakavu. Kila injini ilipochoka aliifungua mwenyewe barazani, pistoni kwenye sinia, boliti kwenye vikombe vya chai vya watu. Akishaifunga, huyo, anakwenda kuijaribu kwenye njia za vumbi za kilima kilicho nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo mateso ya mkewe yalipoanza. Alisimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi, akiisikiliza inavyopanda. Kileleni marehemu alikuwa na desturi ya kuizima kabisa, akachuchumaa kuangalia kama oili inavuja. Jikoni hilo halikuonekana. Kilichosikika ni mlio, kisha kimya. Je, anaangalia oili, au ameanguka? Kumfuata kwa miguu ni mbali, na simu kule juu haishiki. Mama wa watu hakuwa na la kufanya. Alisimama roho juu mpaka injini ingurume tena, na wakati huo chakula kimeshaungua. Watoto wao wawili walikua wakidhani mboga zote duniani zina harufu ya moshi.

Mara moja kimya kilizidi. Mama alikuwa ameshavaa viatu aende, ndipo akamwona anashuka anaisukuma, jasho linamtiririka. Kumbe alichukua kitambaa cha jikoni akaziba mdomo wa injini wakati wa kazi, vumbi lisiingie, kisha akasahau kukitoa. Mlimani kitambaa kikavutwa ndani, injini ikakosa pumzi. Fundi mzima! Mkewe alikipokea kitambaa chake kimeloa petroli, akakifua.

Mwaka 2021 kifua kilianza kumbana. Daktari alieleza kwamba mapafu yalikuwa yanakakamaa na hakuna dawa ya kuyarudisha. Marehemu akauliza kama hayafunguliwi yakasafishwa. Daktari akasema hapana, na hapana ile ilimkata mkewe maini, maana katika ndoa yao hakikuwahi kutokea kitu kisichofunguliwa. Tulihangaika, ndugu zangu. Hospitali, mtungi wa oksijeni, maombi, mito ya kuegemea. Mwisho wake tulibaki kumtazama tu, mikono kifuani, na kumtazama mtu unayempenda akitafuta hewa ni adhabu.

Juni 2024 aliifungua injini kwa mara ya mwisho. Alikaza boliti moja, akapumzika sana, akakaza nyingine, mkewe akimshikia spana. Tarehe 3 Agosti akasema anakwenda kuijaribu. Binti yao alikataa katakata. Mama hakubishana na mtu. Aliingia ndani akatoka na helmeti. Kisha akaenda kusimama mlangoni pake. Mlio ukapanda, ukazimika, na kimya cha siku hiyo kilikuwa kirefu kiasi kwamba binti alianza kulia. Injini ikanguruma. Alirudi midomo imemgeuka rangi, akacheka, akasema, "Haivuji. Hata tone."

Tarehe 21 Novemba 2024, asubuhi, akiwa kitandani nyumbani kwake, pumzi zake zilianza kukatika. Zinakuja, zinasimama, zinaanza tena. Mkewe alikuwa ameketi kando, amemshika mkono. Ziliposimama kwa muda mrefu kuliko mara zote, binti aliinuka akimbilie simu. Mama yake akamshika nguo.

"Ngoja kidogo," alimwambia. "Anaangalia oili."

Wakangoja. Chungu kilikuwa motoni jikoni, na hakuna aliyekwenda kukitoa.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu wanne, dada yake, na pikipiki barazani ambayo hakuna mwingine anayejua kuiwasha.

Apumzike sasa, na kimya hiki kiwe cha amani.