Baba Yetu na Maji ya Mtaa wa Juu

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Aliyemfuata ni shangazi yetu, aliyeketi hapa mbele. Ameturuhusu tuusome wasifu huu bila kuupaka rangi, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza.

Alisoma hadi darasa la saba, kisha akahitimu ufundi bomba chuoni mwaka 1972. Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya maji ya jiji, kufungua na kufunga koki kubwa za barabarani zinazogawa maji mtaa kwa mtaa. Alitembea na ufunguo wa chuma uliomzidi kimo, na watoto wa mitaani wakamwita Bwana Mvua.

Tarehe 6 Agosti 1977 alimwoa mama yetu. Suti ya harusi alishonewa na mume wa shangazi, fundi cherehani mwenye mizaha. Mkono mmoja ulitoka mfupi. "Huo ni mkono wa kutolea, shemeji," fundi alimwambia. "Wako siku zote haufiki mbali." Baba alicheka, akaivaa hivyo hivyo.

Mwaka 1994 ukame ulipiga hata bwawa la jiji likabaki tope. Maji yakawa ya mgao, kila mtaa na siku yake. Mtaa wa juu, alikoishi shangazi, ulipewa Alhamisi. Baba akawa anaifunga koki yao kabla ya wakati na kuyaelekeza maji mtaani kwetu. Sisi tulioga, tulifua, tulimwagilia maua. Hatukuuliza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Siku moja shangazi alikuja na madumu mawili matupu. "Kaka, mbona Alhamisi maji yanakatika hata ndoo haijajaa?"

"Ni ukame, dada. Hata sisi tunayapata kwa taabu."

Akamjazia madumu, naye shangazi akamshukuru.

Watu wa mtaa wa juu wakaanza kuchota mtaroni. Novemba kipindupindu kikaingia. Mume wa shangazi aliamka akiumwa, na jua halikuzama naye yu hai.

Baada ya mazishi, baba alisimama mbele ya ndugu. "Maji yao niliyageuza mimi. Hakuna aliyenituma." Mama alijifunika uso. Shangazi alichukua mkoba wake, akaondoka.

Kazini nako alikiri, akaachishwa. Tangu hapo aliishi kwa kuziba mabomba ya watu yanayovuja, ila mtaa wa juu hakukanyaga tena. Akimwona shangazi sokoni, alirudi nyumbani kapu likiwa tupu. Nasi watoto tukazoea kutembea tukitazama chini.

Mei mwaka huu alipata kiharusi. Shangazi alifika hospitali, akamwinua kichwa na kumsogezea kikombe. Baba akageukia ukutani.

"Kunywa, kaka," alisema. "Nimekuja kukunywesha. Sikuja kukusamehe."

Baba akanywa. Shangazi alirudi kila siku hadi marehemu alipofariki, tarehe 9 Septemba 2024.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na dada yake, ambaye neno lile hajalibadilisha, nasi hatumwombi alibadilishe.

Lala, baba. Amani tunakuombea, kuidai hatuwezi.