Alama Mbili za Ozoni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Habari ya leo ni nzito.

Tunamkumbuka mwalimu wa kemia. Alifundisha miaka thelathini na moja, darasa lilelile, lenye dirisha lililozibwa kwa kadibodi. Wanafunzi walimwita Mshale, kwa ule mshale wa vichwa viwili aliouchora kati ya michoro miwili ya ozoni. Atomi tatu za oksijeni. Mchoro wa kwanza, kifungo maradufu, kile kinachoshika atomi mbili kwa nguvu zaidi, kiko kushoto. Wa pili, kiko kulia. Alikuwa akisema, "Ozoni haitulii, kama mtoto aliyeguswa na upupu. Mara huku, mara kule."

Hapo alikosea, wasikilizaji wapendwa. Ozoni haihami. Iko katika hali moja wakati wote, pande zote mbili zimeshikana kwa nguvu sawa. Michoro ni miwili kwa sababu mmoja hautoshi kuieleza.

Aliyembishia ni mmoja tu, bintiye wa kuzaa. Katika mtihani wa kuchagua watakaoendelea na sayansi, aliandika, "Haihami." Baba akamkata alama mbili. Kwa alama mbili hizo, binti akakosa nafasi. Alipolalamika mezani, baba alimjibu, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kumbe nimelea ubishi."

Binti akawa fundi cherehani. Miaka tisa ikawa ni "Shikamoo, baba," "Marahaba," basi.

Mjane wake anasimulia: "Siku moja alirudi na kitabu kipya kwapani. Hata chai hakugusa. Akasema, 'Mke wangu, mtoto alikuwa sahihi.' Nikamwambia, nenda ukamwambie. Akasema kesho."

Asubuhi yake aliliambia darasa zima, "Niliwafundisha vibaya. Futeni." Wanafunzi arobaini aliwaweza. Binti yake mmoja alimshinda. Kesho ikazaa kesho, miezi minne. Wiki iliyopita alianguka kwenye ngazi za shule, hakuinuka tena.

Binti ndiye aliyesafisha droo yake. Akakuta karatasi yake ya mtihani. Kosa limefutwa, alama mbili zimerudishwa, jumla imebadilishwa, na pembeni sahihi na tarehe, kama walimu wanavyofanya wakirekebisha alama. Tarehe ya miezi minne nyuma.

"Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa dakika kumi," anasema. "Alama nimeziona. Nilichotaka ni kumsikia akisema."

Poleni sana, mama. Pole, fundi. Nasi tumeumia pamoja nanyi.

Na wewe msikilizaji, kama kuna mtu unamwekea neno kwenye droo, usingoje kipindi kiishe. Zima redio, uende.