Historia ya Fundi Thobias Kobelo na Vali ya Boti ya Mvuke

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kihonda, mafundi wenzake na wote mliopanda mlima leo hadi Nyandira kumsindikiza mpendwa wetu, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba mvumilie dakika chache zaidi ya kawaida, kwa sababu historia hii marehemu aliipitia mwenyewe akiwa kitandani, akaacha agizo kwamba jambo moja kuhusu vali ya boti ya mvuke, kazi iliyompa sifa mjini Morogoro, lisahihishwe mbele yenu kabla hajazikwa.

Marehemu Thobias Laurenti Kobelo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 hapa hapa Nyandira, Mgeta, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Laurenti Kobelo na bibi Paskalia, ambaye msomaji wa historia hii, mtoto wa kwanza wa marehemu, amerithi jina lake na, kama wasemavyo shangazi zake, mdomo wake pia. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na alipokuwa darasa la sita aliifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu ili aone inavyotembea, akairudisha ikiwa inatembea vizuri kuliko mwanzo, na bado akachapwa. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi jijini Dar es Salaam, akahitimu ukerezaji wa vyuma Novemba 1976.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika karakana ya kiwanda cha sukari Turiani, ambako alizoeana na mvuke, kwa kuwa sukari haipikwi bila mvuke, akatumikia huko miaka ishirini na moja, hadi mwaka 1998 alipofungua karakana yake Kihonda akiwa na mashine moja kuukuu ya kukereza, ambayo kwa kweli aliisifia mara nyingi kuliko alivyowasifia watoto wake.

Tarehe 22 Novemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Eufrazia Lukoa wa Langali, aliyekuwa akishusha karoti na njegere kwa lori kutoka Mgeta hadi soko la Morogoro, na Mungu akawajalia watoto watatu, Paskalia mwaka 1982, Allen mwaka 1985 na Editha mwaka 1990, pamoja na wajukuu sita. Katika historia nyingi mke hutajwa hapo tu, kisha msomaji anaendelea na mengine, na hilo ndilo marehemu hakulitaka.

Mwaka 2014 aligunduliwa kuwa na kisukari, na kufikia mwaka 2019 ugonjwa ulikuwa umeshuka machoni, ingawa alikuwa akimwambia kila mtu kuwa ni vumbi la chuma tu. Machi 2021, wakati ambapo hakuweza tena kusoma mistari ya vernia, kile kipimo ambacho mkerezaji hawezi kufanya kazi bila kuwa nacho, alifika karakanani Dokta Abuu, mhadhiri mstaafu ambaye tuko naye hapa leo, akiwa anafufua injini ndogo ya boti ya mvuke iliyokuwa imelala miaka mingi stoo huko Ifakara. Mkononi alishika vali ya shaba iliyopasuka, ile inayofungulia mvuke uingie kwenye injini, akaeleza kuwa kila kitu kingine kimepona isipokuwa hiyo, na kwamba haiuzwi popote, hivyo anaomba ichongwe nyingine inayofanana nayo kabisa. Marehemu aliona haya kusema haoni, akaipokea, akamwambia Dokta arudi baada ya miezi mitatu.

Siku hiyo jioni alimweleza mkewe ukweli wote, akalia, na hiyo haikuwa kawaida yake. Mama Eufrazia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza ile mistari inasomwaje, na kuanzia kesho yake, kila aliporudi kutoka sokoni, alivaa ovaroli la mumewe na kusimama mbele ya mashine, mwanzoni akisoma vipimo tu kwa sauti, baadaye, mikono ya marehemu ilipoanza kutetemeka, akikereza mwenyewe huku mume amekaa kwenye kigoda, ameinamisha kichwa, akisikiliza kisu kinavyolia kwenye shaba na kumwambia apunguze au aendelee. Vali ya kwanza iliharibika, kwa sababu mama, kwa moyo wa muuza mboga ambaye hajawahi kumpimia mteja bila kumwongezea, alipofika kwenye kipimo cha mwisho alikata na cha juu kidogo, na pini ya katikati ikawa inacheza kiasi cha kupitisha mvuke pembeni. Marehemu aliipapasa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Machi, akasema, "Mama Paskalia, huku hatutoi nyongeza." Walianza upya, na miezi mitatu ikawa kumi na minne, Dokta akivumilia, Mungu amlipe.

Jumamosi tarehe 16 Julai 2022, kwenye mto Kilombero, boti ile iliwashwa moto, mvuke ukapanda, Dokta Abuu akafungua vali taratibu, na boti ikaondoka ukingoni kwa utulivu bila tone wala moshi mweupe kuvuja pale penye vali. Watu walipiga makofi, Dokta akasimama akamsifu Fundi Thobias mbele ya wote, akasema mikono kama ile haizaliwi tena, na marehemu akafungua kinywa aseme mikono ile ni ya nani, ila mama, aliyekuwa amesimama nyuma yake na mwavuli, alimkanyaga mguu. Njia nzima ya kurudi, hadi wanapita Mikumi, walibishana, na mama alikuwa na neno moja tu: "Ukisema, umefunga karakana. Nani atawaletea chuma kipofu na muuza karoti?" Marehemu alimtii, lakini sifa zile zilimkaa rohoni kama deni, na kila mgeni aliyezirudia alimwongezea uchungu, mpaka Agosti mwaka huu alipomwita Paskalia kitandani na kumwambia, "Andika ukweli, na siku ya kusoma simama mbali na mama yako." Ndiyo maana Paskalia amesimama upande huu.

Figo zilianza kushindwa Februari 2025, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na minane, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Kihonda waliochota maji na kupika siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa zamani waliotoka Turiani, wafanyabiashara wa mboga waliosimamisha malori yao leo, na Dokta Abuu, ambaye familia inamwomba radhi kwa kumwacha asifu mikono isiyo yenyewe. Zaidi ya wote inakushukuru wewe, mama Eufrazia, kwa kuwa kila kazi iliyotoka karakana ya Kobelo tangu mwaka 2021, zikiwemo bushi za magari ya baadhi yenu na kinu cha kukoboa cha parokia hii, uliikereza wewe, na hakuna hata mmoja aliyeirudisha. Tunatangaza basi kwamba karakana haijafungwa, baada ya arobaini, Jumatatu tarehe 20 Oktoba, saa mbili asubuhi, fundi atakuwa kazini, leteni vyuma vyenu kwake kama mlivyokuwa mkileta siku zote.

Baba, tumesema. Sasa pumzika kwa amani.