Sista Edah Wabwile na Mtoto Aliyeitwa Mgeni

Tarehe 31 Desemba 1998 Sista Edah Wabwile atastaafu, akiwa ameitumikia zahanati yetu ya kanisa hapa Kiminini kwa miaka ishirini na mitano. Aliingia Januari 1974, muuguzi kijana kutoka Ndalu aliyekuwa amefanya kazi kwa muda katika wodi ya watoto mjini Kitale. Anatoka akiwa msimamizi wa kliniki ya mama na mtoto, mwalimu wa wauguzi wanafunzi, na mtu pekee ambaye mlinzi wetu Jairus humwogopa.

Jairus ana sababu. Alipopatikana na presha, Edah alimpandisha kwenye mizani kila Jumatatu mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni, nao wakawa wanapiga vigelegele kila kilo ilipopungua. Kwaya ya wafanyakazi nayo ina historia naye: alijiunga mara tatu, na mara tatu aliombwa kwa heshima asome matangazo badala ya kuimba. Mvua ilipokata barabara za Saboti, alibeba sanduku la chanjo kichwani na kupanda kwa miguu, na hakuna kijiji kilichowahi kusema chanjo ilichelewa kwa sababu yake.

Wauguzi wageni hushangazwa na jambo moja. Edah hamgusi mtoto mgonjwa kabla ya kumuuliza mama alikula nini jana, nani alikipika, na kilipikwa na nini. Tabia hiyo ilianza mwaka 1987, katika boma moja la Saboti. Wenye boma wamekubali habari hiyo isimuliwe.

Lilikuwa boma la Kimaiyo, mkulima wa mahindi na mfugaji wa kabila la Sabaot, chini kidogo ya msitu wa Mlima Elgon, mahali ambapo ukungu hukaa hadi karibu na adhuhuri. Mkewe, Nasimiyu, alikuwa ameolewa huko kutoka Bungoma. Watoto wao wawili wa kwanza walikuwa wamekufa, wote katika mwezi wao wa nne. Walizikwa karibu na zizi. Mtoto wa tatu, mvulana, alikuwa anamaliza mwezi wa tatu na hakuwa na jina. Chesang, mama yake Kimaiyo, alimpokea Edah mlangoni na kumweleza hali hiyo kwa sauti ya kawaida kabisa.

“Huyu tunamwita Mgeni, Sista. Akipita pale wenzake waliishia, tutampa jina. Hatutaki kusumbua jina lingine bure.”

Edah alipewa kiti, akamtazama mtoto akinyonya. Mtoto alivuta kidogo, akakunja mgongo kama upinde, akaachia titi na kukaza macho mlangoni, kama mtu aliyeitwa kutoka nje. Hakulia. Alifanya hivyo tena na tena, na kila mara watu wote chumbani waligeuka kutazama mlango ambao haukuwa na mtu. Mbwa wa boma, aliyekuwa amelala karibu na jiko, aliinuka na kutoka. Kimaiyo alisema mbwa huyo hutoka kila mara mtoto anaponyonyeshwa. Mashavu ya mtoto yalikuwa na michirizi myekundu yenye magamba, na jirani mmoja aliyekuwapo alionyesha jinsi michirizi hiyo ilivyolingana na vidole vya mkono mdogo. Katika nepi kulikuwa na kamasi na damu.

Afisa wetu wa tiba wakati huo, Bw. Wahome, alikuwa amemtibu mtoto huyo kwa amiba na kwa kuhara damu, bila mafanikio. Maabara haikuona kitu. Kijijini, maelezo yalikuwa yameshapatikana. Nasimiyu aliyatoa yeye mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa.

“Wanasema titi yangu iko na kaburi ndani, Sista.”

Familia ilikuwa imeamua. Mwezi wa nne ukianza, Mgeni angetolewa kwenye titi la mama na kupewa maziwa ya ng'ombe kwa kikombe. Edah aliuliza kama wale wawili nao walifanyiwa hivyo. Chesang alijibu kwamba ndiyo, na kwa maziwa safi, ya ng'ombe wake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, lakini walikuwa wameshaharibika.

Wahome alipopata taarifa hiyo alisema alichokijua. Kuna watoto wachache ambao matumbo yao hukataa maziwa ya ng'ombe, na mama akiyanywa, sehemu yake humfikia mtoto kupitia titi. Hakuwa na uhakika kwamba huyu ni mmoja wao. Alikuwa na uhakika wa jambo moja tu: kama ni mmoja wao, kile kikombe kingemmaliza. Alimwambia Edah ajaribu, na ajaribu upesi.

Ikumbukwe mzazi, mama aliyetoka kujifungua, hutunzwaje katika boma la wafugaji. Chesang alimpenda mke wa mwanawe. Kila asubuhi alimletea kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolazwa yakageuka na kutiwa majivu ya mti uliochaguliwa. Mchana ilikuwa chai ya maziwa matupu, na samli juu ya ugali. Hakuna mzazi katika kijiji kile aliyelishwa vizuri kumshinda Nasimiyu, na kadiri alivyolishwa ndivyo mtoto alivyokonda.

Edah alipoeleza kwamba Nasimiyu aache maziwa yote, Chesang alicheka mpaka akashika nguzo.

“Ati maziwa? Maziwa iue mtoto wa Sabaot? Si hata wewe umelelewa nayo, bana. Angalia vile umenona!”

Hata hivyo alikubali. Kibuyu cha Nasimiyu kilitengwa. Chesang aliendelea kukijaza na kukiweka kando ya mlango, akisema kama mzazi hanywi, basi wanywe wenye njaa. Asubuhi kilikutwa kitupu. Edah alidhani Nasimiyu anakunywa kwa siri, akamuuliza faraghani. Nasimiyu akaapa hajakigusa. Kimaiyo aliapa. Jirani aliapa. Mbwa hakukaribia mlango ule. Mpaka leo hakuna aliyekiri kuyanywa maziwa yale, na Edah anaposimulia hafiki mbali zaidi ya hapo.

Mtoto hakupona. Edah alirudi bomani wakati wa chakula na kuketi jikoni. Mboga ya managu iliyokuwa ikichemka ilikuwa nyeupe.

“Kogo, kuna maziwa hapa?” alimuuliza Chesang, akimwita bibi kwa lugha yake.

“Hapo? Hapo hakuna maziwa. Hiyo ni mboga.”

Managu yale yalikuwa yamelala kwenye chungu na krimu tangu jana, kama yalivyopikwa katika boma hilo tangu lianzishwe, kwa sababu bila krimu yana uchungu na hayafai kupewa mgeni wala mzazi. Hakuna aliyekuwa amemdanganya Edah. Alikuwa ameuliza juu ya maziwa, na maziwa kwao ni kitu cha kunywa.

Ilikuwa dhahiri kwamba katika jiko lile maziwa hayaepukiki. Iliamuliwa Nasimiyu aende kwao, karibu na Bungoma mjini, ambako mama yake alikuwa na kuku na shamba la mihogo lakini hana ng'ombe. Chesang alitoa sharti. Mwezi wa nne ukiingia na damu bado iko, angekuja mwenyewe kumtoa mtoto kwenye titi.

Katika siku za kwanza Bungoma mambo yalikuwa mazuri. Nasimiyu alikula ugali, omena, kunde zilizokaangwa kwa kitunguu na viazi vitamu, akanywa chai ya rangi. Michirizi ya mashavuni ilififia. Mtoto alinyonya bila kutazama mlango. Kisha damu ikarudi. Mgongo ukaanza tena kukunjika, na macho yakaganda mlangoni, mlango mwingine, katika nyumba nyingine, mbali na zizi la Saboti. Majirani wa Bungoma hawakuhitaji kuelezwa. Walisema kilichokuwa Saboti kimefuata njia mpaka huku. Dada yake Nasimiyu alihama chumba.

Edah alifika Bungoma na kumkuta Chesang ameshatangulia, kwa kuwa mwezi wa nne ulikuwa umeingia. Alikuwa ameketi jikoni kwa mama mkwe mwenziwe, kwa adabu, na chupa ya maziwa ikipashwa moto katika sufuria ya maji mbele yake. Mtoto alikuwa tayari mapajani mwake. Nasimiyu alikuwa nje, uso ukutani.

Edah hakubishana. Aliomba aonyeshwe kila kitu Nasimiyu alichokula. Alionja chumvi, akanusa mafuta, akaonja kunde. Mwisho alifunua debe la unga wa uji, akauonja ukiwa mkavu, akatema.

“Huu unga umetoka wapi?”

Mama yake Nasimiyu alishangaa kuulizwa.

“Si ni kwako, Sista? Ulimpa ndio asikose nguvu, juu amekatazwa maziwa.”

Ilikuwa kweli. Miaka ile zahanati yetu, kama nyingine nyingi, iligawa unga wa uji wenye soya kwa kila mama aliyedhoofika, na Edah ndiye aliyekuwa akizunguka makanisani kuusifu. Wahome alikuwa amewahi kumtajia kwamba baadhi ya watoto wanaokataa maziwa hukataa na soya. Edah alikuwa amelisahau neno hilo siku alipompimia Nasimiyu unga. Kila asubuhi, kilichoogopwa na majirani kilikuwa kikitoka ndani ya debe lile, na lilikuwa na mhuri wetu.

Alichofanya baadaye ndicho wauguzi waliofundishwa naye hukisimulia. Alimgeukia Chesang, ambaye chupa yake ilikuwa imeshapata joto, akamwambia mbele ya watu wote: “Kogo, titi halijakosa. Nimekosa mimi.”

Chesang akauliza:

“Mtu wa sindano amekosa?”

“Amekosa.”

“Na anasema?” Akamgeukia mama yake Nasimiyu. “Umesikia hiyo? Mimi sijawahi kusikia.” Akaitoa chupa kwenye maji ya moto na kuiweka chini. “Haya. Jumapili ijayo. Ikipita hapo, usinionyeshe uso.”

Unga ulipelekwa kwa kuku. Jumapili ilipofika nepi zilikuwa safi. Mwezi wa nne ukapita, na mtoto akapewa jina, Kipkoech. Nasimiyu aliendelea kumnyonyesha, bila maziwa na bila soya, mpaka alipotembea. Baadaye Wahome alimjaribu hapa kliniki kwa maziwa, kijiko kwa kijiko, na hakikutokea kitu. Tumbo lilikuwa limekomaa. Leo yuko darasa la tano na anachunga ng'ombe wa baba yake.

Siku ya kile kijiko cha mwisho, Chesang alibaki ndani wengine walipotoka. Alimuuliza Edah swali moja. Wale wawili, aliowanywesha kwa mkono wake, walikufa kwa maziwa yake?

Edah angeweza kusema hapana, na mwanamke mzee angerudi nyumbani. Alisema hajui. Hakuna aliyewapima, hakuna aliyetazama nepi zao, na yeye hawezi kusema ndiyo wala hapana. Chesang aliitika kwa kichwa na kuendelea kukaa. Edah alifagia, akapanga viti kandokando yake, akafunga madirisha, na hakumharakisha. Walitoka pamoja.

Chesang alifariki mwaka 1994. Edah alikwenda mazishini, na alipofika bomani alikuta kaburi limechimbwa karibu na zizi, si kando ya mume wa marehemu kama ilivyotarajiwa. Kimaiyo alimweleza kwamba mama aliagiza alazwe katikati ya wale wawili. Hakutoa sababu, na hakuna aliyemuuliza.

Sista Edah, uongozi na wafanyakazi wote wanakushukuru. Nasimiyu na Kimaiyo, waliofika jana kuleta kuku wa kukuaga, wameomba majina yao yawe katika shukrani hizi. Nenda Ndalu ukapumzike, na wajukuu wakuzunguke. Na iwapo kwaya ya huko itakukubali, tujulishe, tuje tusikilize kwa macho yetu wenyewe. Uwe na siku nyingi na njema.