Kasiki la Mamake Khalifa

Kijiwe chetu kipo Firq, ubavuni mwa gereji ya Haidari, na benchi letu ni kiti cha nyuma kilichong'olewa kwenye Land Cruiser. Jana baada ya Alasiri Khalifa alikuja amenuna. Anapanua majlis, chumba cha wageni, ya nyumba ya mamake, na kona nzima imekaliwa na kasiki la Bahla, lile kubwa la udongo la kuwekea tende. Babu yake aliliweka kwanza, kuta na mlango vikaja baadaye, sasa halipiti mlangoni. Fundi alikuwa alipasue leo. Mamake alikuwa hajamsemesha tangu Ijumaa. Mimi nilishamwambia usoni kuwa kulipasua ni upumbavu. Musa, tunayemwita Dokta kwa sababu hajui kitu na hakosi jibu, akatoa simu kumwonyesha picha ya siku za mwanzo za kamera: magofu ya Warumi, makasiki yamezikwa mpaka mabegani, na mtu kasimama kando, uso kama moshi.

— Huyo jini, Dokta akasema. Katoka kasikini.

— Jini gani kavaa buti? Haidari akauliza.

— Jini la Kizungu, bwana we!

— La, Haidari akasema. Warumi walikuwa majitu. Hivyo vikombe vyao vya kahawa.

— Na dalla yao ya kumiminia?

— Mlima!

Nikawaka.

— Acheni uongo! Kamera zile zilitaka utulie kama mayiti. Kasimamishwa hapo ukubwa wa kasiki ujulikane, akajikuna pua, uso ukapotea. Khalas!

— Sasa nivunje, nisivunje? Khalifa akauliza.

— Vunja, Dokta akasema. Mama atalia, atanyamaza. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Hiyo ya mzazi kwa mwanawe, jahili we! nikamkemea.

Palikuwa na mteja, Yaarub, mtu wa mji wa Sur, anangoja tairi lake. Akaiomba simu, akaitazama sana.

— Samahanini. Hapa kuta zimelala, makasiki yamesimama. Na wewe, ndugu yangu, si unapanua? Ukuta si utabomolewa?

— Utabomolewa.

— Basi kwa nini kasiki lipite mlangoni?

Dokta akaichukua simu yake, akaitazama picha kabla ya kusema. Sijaliona hilo tangu nimjue. Hata mimi, mwenye kumwita mwenzangu mpumbavu, sikuwa nimelifikiria.

Khalifa akampigia mamake simu.

— Yumma, kasiki halivunjwi. Tunabomoa ukuta, tunalitoa, kisha linarudi ndani ya majlis.

Sote tukaisogelea ile simu, vichwa vikagongana.

— Umekula? sauti ya mama ikauliza.